Godoro la Sufi ya Kufagia

Mume wangu Mwinjuma alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika ghala la sufi karibu na reli, akishindilia sufi kwenye marobota ya kupelekwa Ulaya. Jioni akirudi Temeke alikuwa mweupe mpaka nyusi. Nilimpangusa mlangoni kwa kanga kuukuu kabla hajaingia, naye akisema, "Polepole, Hamisa, usije ukafuta na pua." Tulicheka wawili, maana hatukujaliwa mtoto wa kutuchekesha.

Kifua kilipomshika, dresa wa zahanati alimwambia aache ghala, apumzike nyumbani. Akatii. Mie nikataka apumzike pazuri. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua sufi ya kufagia, ile inayobaki sakafuni pamoja na vumbi lake. Nilikwenda nikajaza magunia matatu, nikamshonea godoro nene na mito miwili. Kila asubuhi nililikung'uta na kulifumua kwa mikono lisigandamane, humo humo chumbani, dirisha nimeliziba kwa mkeka ili baridi isimwingie. Kila asubuhi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikadhani ni umande.

Alilala juu ya godoro lile miezi mitatu, akafariki. Alikuwa ameniomba jambo moja tu: kwa kuwa hatuna mtoto wa kumwombea, nimsomee Yasini kila Ijumaa, kwa sauti, mie mwenyewe. Nikamwahidi.

Kwetu sie mjane aliye edani halalii kitu laini. Godoro likapandishwa darini, nikalala kwenye mkeka miezi minne na siku kumi. Kila Ijumaa baada ya alasiri wifi yangu Mwanakombo, dada wa marehemu, alikuja kwa miguu kutoka Mtoni. Kusoma hajui. Aliketi kwenye mkeka wake, akasikiliza, na kwenye dua akaitikia amina. Watu wa msibani walikwisha rudi kwenye shughuli zao. Mtu wangu alibaki yeye.

Siku za kuuguza nami nilikuwa nimeanza kukohoa. Edani kikohozi kikakatika. Mwezi wa tatu niliweza kuifikisha aya ndefu kwa pumzi moja. Nikamshukuru Mungu, nikaona ni baraka za eda.

Eda ilikwisha siku ya Ijumaa. Nikaogeshwa, nikavua nguo za eda. Mwanakombo akateremsha godoro, tukalikung'uta pamoja, tukalitandika kitandani.

"Lala kama watu sasa, wifi," akasema. "Mbavu zako mtu anaweza kuzihesabu akiwa ng'ambo ya barabara."

Adhuhuri nikajilaza. Nilipoinuka kusoma, pumzi ikakatika katikati ya aya. Nikairudia, ikakatika pale pale. Mwanakombo akanitazama.

"Ni majonzi hayo," akasema. "Umeliona godoro lake, umemkumbuka."

Nikaamini. Ijumaa iliyofuata nayo nikasoma kwa vipande, na moyoni nikisema labda marehemu ana jambo ananilalamikia. Nilikuwa nikimwomba msamaha wa kosa nisilolijua.

Siku moja nimelianika godoro barazani, akaja Gregori, nyapara wa ghalani, mtu wa bara, aliyempenda sana mume wangu. Aliniletea kofia ya marehemu iliyosahauliwa msumarini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akakaa juu ya godoro. Vumbi likatoka kwenye mshono, likasimama juani. Akapiga chafya mara mbili. Akaniangalia ninavyovuta pumzi.

"Mama, kifua hicho nakijua," akasema. "Sie ghalani tunakiita cha Jumatatu. Jumapili tunapumzika, kinafunguka. Jumatatu tukiingia tu, kinafunga. Mzee Mwinjuma alikuwa akisema Jumatatu hata panya wa ghalani wanakohoa."

"Mie ghalani siendi."

"Ndiyo nashangaa." Akapapasa godoro kwa kiganja, akalibonyeza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hii ni ile ya kufagia?"

"Ndiyo. Nilimshonea mwenyewe."

Gregori akasimama, akajikung'uta suruali. Akasema chai atakunywa siku nyingine.

Sikutaka kumwamini mtu kwa neno moja. Nikajipima. Siku nne nikalala kwenye mkeka, godoro nikalitoa nje: kifua kikafunguka. Nikalirudia siku moja tu: kikafunga. Nikafanya tena hivyo hivyo, na ikawa hivyo hivyo. Ndipo nikazikumbuka asubuhi za Mwinjuma, moja moja, mkono wangu ukikung'uta, na dirisha limezibwa. Dresa alimtoa ghalani. Mie nikamletea ghala kitandani.

Alhamisi akaja Mwanakombo, uso unacheka. Mwanawe Nassibu alikuwa anaoa.

"Wifi, nimekuja kuomba," akasema. "Nassibu hana hata godoro. Nipe lile la mjomba wake alalie baraka. Au unaliweka, umekwisha pata mchumba?"

"Mchumba wa kazi gani, na meno haya?"

Akacheka, akashika pembe moja ya godoro alipime uzito. Ningeweza kusema limeliwa na panya. Ningeweza kusema nalihitaji, naye angenuna siku mbili, na Ijumaa ya pili angekuja. Lakini ningekaa naye mikeka miwili, kila Ijumaa, yeye anamwitikia kaka yake amina na mie nimemficha.

"Liache, wifi," nikasema. "Godoro hili lina madhara."

Nikamweleza yote, ya mkeka na ya godoro, ya Gregori, ya dirisha. Alikuwa bado ameshika ile pembe. Nilipofika kwenye kukung'uta kila asubuhi, akaiachia.

"Kaka yangu alisema hajapata kulala pazuri kama hapo," akasema.

"Najua."

"Alikuwa anakusifu."

"Najua, wifi."

Akajitanda kanga vizuri, akafika mlangoni, akageuka.

"Bora ungeninyima tu," akasema.

Siku ile ile nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Sufi niliimwagia maji kwanza, ndoo kwa ndoo, mpaka ikalala chini isirushe hata chembe, nikaifukia yote na mito yake. Kitambaa nikakifua, nikakianika kwenye kamba.

Ijumaa nilitandika mikeka miwili. Nikangoja mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kisima, nikatazama njia ya Mtoni mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye udhu. Wakapita watu wa sokoni, wakanisalimu.

Nikaketi, nikasoma. Pale nilipokuwa nakwama nikapita. Pumzi ikanitosha aya baada ya aya, sauti ikatoka hadi nje, kama nilivyomwahidi. Nilipomaliza dua nikatazama mkeka wa pili, kwa mazoea.

Kisha nikaitikia amina mwenyewe.