Msuli Uliogoma Stesheni

Mwaka 1993, ilipoamuliwa kwamba watu wenye asili ya Kasai hawakuwa tena watu wa Kolwezi, mji wa Katanga, mgongo wa Kalala ulikataa kuondoka. Alikuwa ameinama kwa muda mrefu akifunga sanduku la chuma pale stesheni, ambako familia yake ililala nje kwa majuma ikingojea treni. Jiwe likalia kwenye bati juu ya kichwa chake, naye akainuka ghafla ili amtukane kijana wa Kikatanga aliyelirusha. Tusi halikutoka. Kalala alibaki amekunjika, akitazama viatu vyake.

Treni, ambayo haikuwahi kumhurumia mtu, ilifika asubuhi hiyo hiyo.

“Huyu haingie,” alisema Badibanga, Mkasai mwenzao aliyechaguliwa na wasafiri kusimamia behewa. “Mutu wa kukunjika anakamata nafasi ya batu batatu. Anyooke, ao angoje treni ingine.”

“Ingine ya lini?” aliuliza Adolphine, mkewe Kalala, ambaye watoto wake walikuwa tayari ndani.

“Uliza Mungu, mama. Chef de gare, mukubwa wa stesheni mwenyewe, hajue.”

Adolphine akamwita jirani yao Kitenge, Mkatanga, aliyetibu viungo vya wachimbaji hospitalini. Kitenge akaja mchana kweupe, jambo ambalo majirani wengine walikuwa wameliacha, wakiogopa kuonekana na Wakasai. Akamlaza Kalala chali mkekani, akaanza kumbonyeza chini ya kitovu, karibu na nyonga.

“Tata Kitenge, mugongo ndio unauma. Unatafuta nini kule mbele ya bwana yangu?”

“Mwizi, mama. Mugongo unalia, lakini mwizi anajificha mbele.”

Kalala akapiga yowe. Mwizi amepatikana.

“Sasa unamunyoosha?” Adolphine aliuliza.

“Hapana. Namukunja zaidi.”

Akamsukumia magoti kifuani, hata Kalala akafanana na kuku aliyetayarishwa kwa sufuria. Kisha, kidole kikiwa pale pale, akaeleza. Ndani ya msuli mna vipimo vidogo vinavyoarifu jinsi ulivyovutika. Kalala alipoinama, misuli ya mbele ililegea na vipimo vyake vikasinzia. Aliporuka, msuli uliolegea ulivutwa ghafla. Vipimo vikashtuka, vikapeleka habari kwamba unachanika, ingawa haukuchanika, nao ukajikaza. Kuuvuta sasa ni kuuthibitishia hofu yake. Dawa ni kuurudisha mahali ulipokuwa na amani, kusubiri unyamaze, kisha kuuondoa hapo polepole mno, usitambue kwamba unaondolewa.

“Polepole?” Badibanga alicheka. “Fundisha kwanza bale vijana huko inje. Siye balitufukuza mbio mbio.”

Treni ikapiga honi. Kalala akataka kuruka.

“Ukiruka, tunaanza upya!” Kitenge alifoka.

“Mumupandishe vile vile,” Badibanga aliamua. “Lakini tukifika stesheni ya Tenke angali amekunjika, tunamushusha.”

Wanaume wakaunyanyua mkeka pamoja na Kalala, na Kitenge, ambaye hakuweza kuondoa mkono wake, akapandishwa pia. Hivyo Mkatanga mmoja akafukuzwa Katanga kwa sababu za kitabibu.

Behewa lilitikisika, abiria wakalaani magoti ya Kalala, na kidole cha Kitenge kikangoja. Hatimaye kile kifundo kikalainika. Kitenge akashusha mguu mmoja, kisha mwingine, akamketisha, akamwinua kwa utaratibu uliowachosha hata waliomwombea. Kabla ya Tenke, Kalala alikuwa wima.

“Batu batatu bamekuwa mumoja,” Badibanga alikiri. “Karibu, tata.”

Pale Tenke, Kitenge alishuka ili arudi kwake. Vijana waliolinda stesheni ili Wakasai wasishuke wakamsukuma.

“Rudi mu wagon, Mukasai!”

“Mi ni mutu wa hapa!”

“Bote banasema vile!”

Kalala akajitokeza mlangoni, akawatazama kutoka juu kwa urefu wake wote.

“Mumukamate, ni wenu huyo! Siye hatumutake! Amenikunja njia yote!”

Vijana wakacheka, wakampisha Kitenge. Treni ilipoanza kusogea, Kitenge akamwashiria Kalala aketi, aupumzishe mgongo. Kalala alibaki amesimama. Hapakuwa na mahali pa kuketi.