Mita Sitini Kutoka Kitandani

Jumanne alfajiri Atupele alishusha miguu kitandani kutafuta kandambili, akakanyaga maji. Yalikuwa ya baridi, safi, yakitoka chini ya kitanda upande wa ukutani na kupita kati ya masanduku kuelekea mlangoni. Aliyaonja, akayatambua. Yalikuwa maji ya chemchemi ya bondeni, iliyokauka tangu Agosti, na sasa yamehamia kwake bila hata kupiga hodi.

"Mbombo ngafu," alisema, na kazi ilikuwa ngumu kweli. Aliinua kitanda juu ya matofali, akachimba mfereji hadi nje ya kizingiti. Kufikia saa tatu, nusu ya kijiji ilikuwa uani na ndoo. Hakuna aliyeuliza maji yamefikaje. Waliuliza kwa nini hajapanga mawe, mbona wanakanyaga matope. Jamani! Jirani yake, Obed, alimshauri apanue mlango.

Habari za bondeni kila mtu alizijua. Miaka minane iliyopita Mzee Ambokile, mstaafu mwenye mashamba mengi, alipanda milingoti, ile mikaratusi ya nguzo, kuizunguka ile chemchemi, mingine hatua kumi tu kutoka majini. Na mlingoti haunywi kwa kijiko. Mizizi ilifyonza, majani yakapumulia angani, upepo ukabeba. Miti ilipokomaa, magogo yakapakiwa kwenye lori kwenda Mbeya kuwa nguzo, maji ya kijiji yakiwa humohumo ndani, na visiki vikachipua upya vikiwa na kiu zaidi. Mara tatu Atupele alikwenda ofisi ya maji kulalamika kwamba miti iko karibu mno. Mara tatu aliambiwa tepu ya kupimia haipo.

Alhamisi Mwalimu Anneth wa sekondari alileta kidato cha kwanza wajifunze mzunguko wa maji. Walichora Mlima Rungwe, wingu, mvua, udongo, mti na kitanda cha Atupele, kila kimoja kikiungana na mwenzake kwa mshale. "Ukigusa hapa, kule kunatikisika," aliwaambia, akasahihisha mishale tu. Kitanda alikipa vema.

Ijumaa tepu ikapatikana. Ilikuja na Reuben, bwana maji aliyehamishiwa huku kutoka Singida, kijana mpole aliyejua neno moja tu la Kinyakyusa, la kumuuliza mtu amelalaje.

"Ugonile, mama."

"Nitalalaje vizuri, mwanangu, na mto chumbani?"

Reuben alipiga magoti, akashikiza ncha ya tepu chini ya kitanda, akatoka nayo kupitia sebuleni, jikoni na migombani hadi mita sitini. Hapo akapiga kigingi. Kisha akaeleza kwamba ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji, shughuli za kibinadamu ni marufuku. Kuchota ruksa. Kupika ni shughuli. Kulala nako ni shughuli, alishawauliza wakubwa wake kwa simu.

Hasira ilimpanda Atupele mpaka masikio yakawaka. Nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na moja baada ya kufiwa na mumewe, kwa kuchuma chai, bati moja moja.

"Na ile milingoti? Iko hatua kumi!"

"Hatua kumi kutoka wapi, mama?"

"Kutoka kwenye maji!"

Reuben alitazama bondeni kwa huruma. "Maji hayapo kule, mama. Yako kwako. Kule si chanzo tena, kwa hiyo milingoti haina kosa."

"Na aliyeyafukuza ni nani?"

"Fomu haina sehemu hiyo."

Kweli haikuwa nayo. Alimwonyesha, kurasa zote mbili.

Jumamosi watu walimsaidia kuhama, tena kwa moyo kabisa. Walibeba kitanda, viazi, kuku na sufuria hadi kwenye chumba cha nyuma kwa shemeji yake, wakimwambia awe na subira, maji ni ya wote.

Jumatatu Mzee Ambokile alifika na miche mia mbili ya milingoti. Alikuwa amenunua shamba linaloizunguka nyumba, akaanza kupanda kwenye mita ya sitini na moja. Alipima mwenyewe kwa uangalifu, maana ni mtu anayeheshimu sheria.

Atupele alikuwa amesimama na ndoo kwenye foleni ya kuingia kwake. Alimtazama mzee akichimba shimo la kwanza, la pili, la tatu.

"Haya, chagueni mapema!" aliwaambia watu kwa sauti. "Yakihama tena yaende kwa nani?"

Watu walifikiri. Mama mmoja alimtaja Obed, kwa kuwa ana sakafu ya saruji. Obed alikataa katakata. Krismasi anategemea wageni. Walikuwa bado wanabishana Mzee Ambokile alipoita kutoka ng'ambo ya kigingi, akiomba mtu amshikie kamba ili mistari inyooke. Obed aliweka ndoo yake chini, akamwomba Atupele amtunzie nafasi, akaenda kumshikia.