Ukurasa wa Tisa, na wa Kumi na Mbili

"Umeniandikia uongo wewe!"

"Nimekuandikia mechi za—"

"Uongo mtupu! Mechi thelathini!"

"—za mabingwa, Deo, hakuna hata moja niliyotunga!"

"Mabingwa gani wanaoshindwa wote?"

Tulikuwa kwenye benchi la chai la Kemilembe, Murongo, na Deodatus ananipiga begani kwa daftari. Kweli niliandika mimi. Aliniomba nimnakilie miisho ya mechi za chesi za mabingwa, pale vipande vimebaki vichache ubaoni. Nikanakili. Ila nilikata hatua za mwisho asijue nani kashindwa, halafu kila mechi, chini ya yule aliyeshindwa, nikaandika: "Jifunze kwa huyu." Ndiyo adabu ya kuniita Nusu Digrii mbele ya bodaboda wote, eti kwa kuwa niliacha chuo. Wiki iliyopita alienda Kayanga kucheza kama hao, akachapwa mara tano, ndipo akagundua.

"Kaa," akasema. "Ukifungwa, nafasi yako kwenye timu ya chesi ya Kyerwa nachukua mimi."

"Nikishinda?"

"Nakuita Digrii Nzima."

Bodaboda wakacheka. Mimi sikucheka sana. Ile timu ndiyo kitu pekee ambacho sijakiacha katikati.

Tukacheza mpaka kila mtu akabaki na ngome moja, mimi nikimzidi askari mmoja. Nikaweka ngome yangu mbele ya askari wangu, imlinde.

"Ukurasa wa nne," akasema.

Mfalme wangu nikamwacha konani, salama.

"Wa tisa. Na wa kumi na mbili. Hao watu wako wa 'Jifunze kwa huyu' wote ni hivi hivi, mfalme amejikunyata kama kuku wa mvua."

"Cheza, acha mdomo!"

Nikamsukuma askari haraka.

"Wa ishirini na moja."

Mfalme wake akatoka, akatembea katikati ya ubao taratibu, kama anakagua migomba. Akamla askari wangu. Ngome yake ikakaa nyuma ya askari wake, ikamsindikiza hadi mstari wa mwisho, akawa malkia. Mechi thelathini niliziandika kwa mkono wangu, huku nikicheka tu moyoni. Sikujifunza hata moja.

Nikamlaza mfalme wangu, nimeshindwa.

"Nusu timu!" akapiga kelele mmoja.

"Inuka basi," Kemilembe akaniambia, "chai yenyewe hunywi."

Nikasubiri kofi. Deodatus akanisukumia daftari, amelifunua kurasa tupu za nyuma.

"Niandikie nyingine thelathini," akasema. "Za uongo, hivyo hivyo."