Bidoni ya Hitimana

Kila jioni, jua likishatua upande wa Sake na mawe meusi ya Kanyaruchinya yakianza kupoa, bidoni ya bluu, dumu la kuwekea maji, iligonga. Tok. Kimya. Halafu tok tena.

"Karibu, mwanangu," alijibu Mukabalisa kutoka mlangoni mwa hema.

Umuhire, mkwe wake, alisisimka mwili. Mtu mwenye akili timamu anajua kwamba plastiki iliyopigwa na jua mchana kutwa hulia ikipoa. Umuhire alijua. Lakini jamani, kujua hakuzuii nywele kusimama!

Hitimana, mume wake, alikuwa mpiga dawa wa mashamba ya nyanya kule Kalengera. Bidoni ile ilikuja na dawa ya wadudu. Ilipoisha, aliikosha, akaandika jina lake juu yake kwa msumari wa moto. Waasi walipofika, bomu lilimkuta shambani. Mama yake alikimbia na bidoni kichwani, Umuhire na mimba changa tumboni, hadi kambini hapa, chini ya mlima uliokuwa umemwaga moto mwaka uliotangulia.

Sasa mimba ilikuwa ya miezi sita. Kila jioni, bidoni ikishagonga, Mukabalisa alimimina kikombe. "Kunywa, binti yangu. Baba yake ndiye anamupatia mutoto maji." Umuhire alikunywa. Nani angemkatalia mama aliyefiwa?

Halafu yakaanza mambo ya kuku. Kuku wa jirani yao, Mama Kahindo, walizoea kunywa kwenye kidimbwi chini ya bidoni. Mayai yao yakaanza kutoka bila ganda, ngozi tupu, yanatikisika mkononi. Jogoo naye alipanda jiwe kila asubuhi, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Watoto walimcheka siku mbili. Siku ya tatu hakucheka mtu.

Siku ya kupima mimba, Umuhire alimsimulia mkunga Katungu, mwanamke wa Butembo asiyejua kuzunguka na maneno. Katungu alicheka. "Kuku wa kambi wanakula nini? Mimi siwezi kukuapia ni nini kinawasumbua." Kisha akaacha kucheka. "Lakini ninyi munaweka maji wapi?"

Umuhire akamweleza.

"Eh, mama! Hata ukoshe na sabuni mara kumi, plastiki ilishakunywa dawa. Inairudisha kidogo kidogo. Kuna dawa za shamba zinazovuruga homoni, zile zinazomuambia mutoto akue namna gani. Naye kule ndani hana mulango wa kufunga. Tafuta chombo safi. Chakula cha moto usitie kwenye saché za plastiki. Na yale mafuta ya kung'arisha uso, uyaache."

Tangu siku ile Umuhire alikataa kikombe. Akachota maji yake bombani kwa sufuria safi.

"Unamukataa mume wako," alisema Mukabalisa, na juma zima hakumsemesha tena. Umuhire akadhani mambo yamekwisha.

Jioni moja alirudi kutoka bombani mapema. Alimkuta mama mkwe ameinamia chungu cha maharagi, bidoni mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Natia kidogo tu. Kila siku natia kidogo, mutoto asimusahau baba yake."

Kila siku! Umuhire alimwaga maharagi yote kwenye mawe, akamnyang'anya bidoni, akaiweka chini na kushika kisu. Jua lilikuwa limetua. Mlima ulikuwa mwekundu juu.

Tok.

Mkono ukasita. Mungu wangu, jinsi alivyomtamani mtu yule! Kwa kitambo aliamini kabisa kwamba Hitimana yumo mle, amekunja magoti gizani, anangoja kufunguliwa. Kama Hitimana angemwita jina mara moja tu, angetupa kisu.

"Unisamehe," alisema, akakiinua.

Mukabalisa alimdaka mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Yule mukunga alisema inamufanya nini mutoto?"

Umuhire akarudia yote, huku analia.

Mzee aliliangalia tumbo lile muda mrefu. "Mbele ya kumuzaa Hitimana nilikuwa na mimba tatu," alisema polepole. "Nilikuwa napiga dawa kwenye shamba kubwa la kahawa, bomba mugongoni. Zote tatu zilitoka. Wakaniambia wifi yangu ameniroga, nikamuchukia mpaka amekufa. Hitimana ndiye alibaki. Mwaka ule vita ilifunga shamba, sikupiga dawa hata siku moja."

Akakichukua kisu mkononi mwa Umuhire, akakidunga kwenye bidoni, pale pale kwenye jina la mwanawe.

"Sogea mbali, binti yangu," alisema. "Yasikurukie."