Mistari Iliyoanzia Kisogoni

Mtaani walimwita Redio, jina ambalo halikuwa la haki, maana redio hutoa na yeye alikuwa wa kupokea. Alikuwa msusi. Msusi akishakushika kichwa, utamwambia hata yale ambayo hukumwambia mama mzazi. Aliyoyasikia saluni aliyameza yakaishia huko tumboni. Kilichomkosesha raha ni yale ambayo hakuyasikia. Mteja akiinuka na kisa kikiwa nusu, msusi alishinda na kiu ya ile nusu nyingine mpaka siku mteja atakaporudi.

Mumewe, seremala, alikuwa mtu wa maneno ya kupimia kwa kijiko. Walikaa miaka mingi bila kujaliwa mtoto, na walipokwisha kulia kilio chao, wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba kuwa wazazi walezi. Wakaambiwa vizuri, lakini kwanza wakasome.

"Kumbe kulea nako kunasomewa," seremala alisema walipotoka, na kwa siku hiyo ikawa ndiyo hotuba yake.

Mafunzo yalifanyika katika chumba nyuma ya ofisi, penye viti vya plastiki na feni iliyolalamika kila ilipozunguka. Mkufunzi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, hata wanafunzi walilazimika kuinama mbele wamsikie. Alisema mtoto huja na habari zake, na habari hizo ni mali yake. Mlezi si mpelelezi.

Msusi alinyoosha mkono. "Sasa nisipomuuliza, nitajuaje kinachomuuma?"

"Utakaa naye."

"Na nikikaa naye asiseme?"

"Utaendelea kukaa."

Wenzake walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Aliona kama amezuiwa kusuka akaambiwa awe msusi hivyo hivyo.

Siku moja mkufunzi alileta mchezo. Mmoja angekuwa mtoto aliyefikishwa kwenye nyumba ngeni, wengine wangekuwa familia inayompokea. Akamteua msusi kuwa mtoto, akamnong'oneza sikioni: umeletwa leo, una mdogo wako, na hakuna aliyekuambia amepelekwa wapi. Kisha akamkalisha kwenye kiti katikati ya chumba.

Familia ikamzunguka. Unaitwa nani? Unapenda kula nini? Mbona umenuna, hujatupenda? Mama yako yuko wapi? Walikuwa watu wema wenye nia njema, lakini kila swali lilimsukuma nyuma kidogo, na yule mdogo wake wa kubuni akazidi kumkaa rohoni. Msusi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aote meno, alijikuta ameng'ata midomo. Alitaka mtu mmoja aseme jambo lisilomhusu.

Seremala hakuwa ameuliza kitu. Aliona kiti alichokalia mkewe kinachezacheza, akachuchumaa, akatoa penseli sikioni na kuanza kupima mguu mmoja baada ya mwingine. Msusi akamtazama. Akazidi kumtazama.

"Unafanya nini?" akauliza hatimaye.

"Natafuta mguu mkorofi."

"Si huo. Ni ule wa nyuma. Niliusikia nilipokaa."

Mkufunzi hakueleza lolote. Alisema tu wakapumzike, wanywe chai.

Walipohitimu, haukupita muda mrefu afisa wa ustawi akawaletea binti wa miaka minane au tisa, mwembamba, mwenye macho ya kukagua. Waliambiwa machache: mama yake alikuwa amelazwa, maradhi ya muda mrefu, na ndugu wa kumchukua hakuna. Angekaa nao mpaka mama apone, au mpaka ijulikane vingine. Binti aliachiwa achague atakavyowaita. Akachagua kumwita msusi shangazi. Seremala akamwita fundi, basi.

Lakini nywele! Zilikuwa zimesukwa mistari zamani, nayo imeota, imefumuka nusu na kushikana, vumbi limekaa ndani. Msusi aliposogeza mkono, binti alikwepa kama aliyeona moto. Hakulia wala hakukataa kwa maneno. Alikwepa tu, akakifunika kichwa kwa viganja vyake viwili.

Kuanzia hapo msusi akawa na swali moja linalomwasha kuliko vidole vyake. Kwa nini? Alipigwa kichwani? Kuna kovu? Alimpa kilemba, binti akakivaa. Wateja nao hawakumwacha. Mmoja alimwambia mganga hajigangi, lakini si kwa kiwango hiki: kichwa cha nyumbani kwa msusi kuwa kichaka! Msusi alicheka nao, na jioni akamwambia mumewe kwamba akiuliza mara moja tu, kwa upole, hakuna atakayekufa.

"Kaa naye," seremala alisema.

Akakaa naye. Binti akitoka shule alishinda saluni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifuatisha vidole vya msusi kwa macho. Akaanza kumpokeza vitana kabla hajaombwa. Msusi alizungumza habari za nyuzi, za mafuta, za kichwa kigumu na kichwa laini, kila kitu isipokuwa kile alichotamani sana kukijua.

Mchana mmoja wa mvua, saluni haina mteja, binti akasema, "Wewe unaanzia mbele."

"Wote tunaanzia mbele."

"Mama anaanzia kisogoni. Anapandisha."

Msusi alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia, ijapokuwa pale palikuwa pamekwisha kuwa safi.

"Hii alinisuka yeye," binti akasema, na kushika kilemba. "Kabla hajaenda hospitali. Ukifumua, haitakuwepo tena."

Hapo msusi aliweka ufagio chini. Maswali yote aliyoyalimbikiza yalimtoka kichwani, likabaki moja, na hilo hakulipeleka kwa mtoto. Alilipeleka kwa afisa wa ustawi: je, mama huyo anaweza kutembelewa?

Ilichukua muda, simu nyingi na kusubiri, lakini ruhusa ikapatikana. Mama walimkuta ameketishwa kitandani karibu na dirisha, amekonda, shuka limemfika kifuani. Binti alipanda kitandani bila kukaribishwa, akamgeuzia kisogo, akavua kilemba. Mama alimfumua mwenyewe, polepole, akipumzika kila alipochoka, na nywele zilizokatika akazikusanya mapajani. Alipotaka kusuka, vidole vilimgomea.

Msusi alisogea. "Dada, nielekeze. Mimi hii siijui."

Mama alimtazama mikono. "Si wanasema wewe ni msusi?"

"Ndiyo maana nataka kuijua. Mstari wa kwanza unaushikaje usiteleze?"

Mama akacheka, kicheko chembamba kilichomalizikia kwenye kikohozi, kisha akamshika msusi vidole na kuviweka mahali pake. Sivyo, alimwambia. Legeza. Hapo, sasa panda. Msusi alikosea mara nyingi, na kila alipokosea binti aliripoti kwa mama yake, tena kwa furaha. Seremala alisimama mlangoni akichunguza bawaba.

Walipotoka, binti alikwenda katikati yao, kichwa kimenyooka.

"Shangazi," alisema wakishuka ngazi, "mama akipona nikirudi kwetu, na nyinyi mtakuja?"

Lilikuwa swali ambalo hata mafunzoni halikuulizwa.

"Tukikaribishwa," msusi alisema.

"Kwetu kuna mlango haufungiki," binti akamwambia seremala.

"Unakwama juu au chini?" seremala akauliza, na wawili hao wakatangulia mbele, binti akimwonyesha kwa mikono jinsi mlango huo ulivyo.