Kichupa cha Ljubinka

Katika kijiji cha Stojanka, kwenye ukingo wa Mto Sava, watu hawakuuliza nyumba ya msichana ina ng'ombe wangapi. Waliuliza imezika wangapi kwa figo, ugonjwa wa watu wa mtoni. Nyumba ya Stojanka ilikuwa imezika wakwe zake wote wawili, kisha mumewe. Lakini binti yake Ljubinka alipochumbiwa na Ratomir wa ng'ambo ya mto, Stojanka aliwaambia wakwe watarajiwa kuwa marehemu mumewe aliondoka kwa ugonjwa wa moyo.

Balaa likaja limevaa makoti meupe. Hospitali za kingo mbili, ambazo tangu vita hazikusalimiana, zilikubaliana kupima kila mtu na kupeana majibu, ili mgonjwa asianze upya akivuka daraja. Jambo jema, tena lilichelewa mno. Stojanka alisikia neno moja tu: ng'ambo watajua.

Asubuhi ya kukusanya mkojo alimwita Ružica, mke wa kaka yake, aliyeletwa kutoka milimani mwaka ule ule, mzima kama chuma, akamnyooshea kichupa chenye jina la Ljubinka.

"Wifi, nikojolee humu."

"We Stojanka, umerukwa na akili?"

"Nisitiri. Mtoto anataka kuolewa."

Ružica alicheka mpaka akashika mbavu, akaingia chooni. Ljubinka alikuwa uani anaanika mashuka, hakujua lolote. Majibu yakaja safi. Harusi ikachezwa siku mbili.

Miaka ikapita. Ljubinka akaanza kupauka na kuchoka. Madaktari wa ng'ambo wakatazama majibu yale, wakasema figo si tatizo, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza kwa utii mpaka siku alipoanguka jikoni.

Stojanka alipofika hospitali alimkuta kwenye mashine ya kusafisha damu, damu yake ikitoka na kurudi kwa mirija. Kando yake alikaa Kosana, mama yake Ratomir. Daktari Ivka alikuwa mmoja wa wale waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya mkojo.

"Mama, huu si ule ugonjwa wenu wa mtoni," alisema. "Ule hula polepole, miaka na miaka, na huyu tulimpima alikuwa mzima. Huu ni mwingine, unakwenda mbio. Kesho tunamwanzishia dawa kali, zinavunja kinga yote ya mwili. Tukikosea zinaweza kumuua, lakini hatuna njia nyingine."

Stojanka akinyamaza, mwanawe huenda akafa. Akisema, mwanawe atajua.

"Msimpe," alisema. "Mkojo ule haukuwa wake. Niliwapa wa wifi yangu."

Daktari hakufoka, na afadhali angefoka.

"Basi ni ugonjwa wa mtoni. Tungejua wakati ule, tungeuchelewesha. Pengine asingefika kwenye mashine hii mpaka uzeeni."

"Mama," alisema Ljubinka. "Kwa nini?"

"Wasingekuoa, mwanangu. Nani angechukua binti wa nyumba yetu?"

Kosana alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Sisi tungemchukua," alimwambia Stojanka. "Mkwe wangu, nilikwambia mume wangu aliangukiwa na trekta. Hatujawahi kuwa na trekta. Aliisha kwa figo, na baba yake vilevile. Nilikuwa naomba Mungu usiulize. Ungekuja na ukweli wako, ningekukumbatia nikakupa wangu. Nani mwingine angetupa binti?"

Daktari Ivka alitoka haraka kwenda kuzuia zile dawa za kesho, na mlangoni alisikika akimwambia muuguzi amwite Ratomir apimwe leo hii.

Stojanka alilia kwa sauti, bila haya. Alikuwa amemuuza mwanawe kwa kitu ambacho angepewa bure.

Ljubinka alinyoosha mkono wake usio na sindano. Mama yake aliinuka upesi kuushika, lakini mkono ulimpita, ukaenda kwa Kosana.