Njiti wa Kilo Moja na Robo

Mtaani walimwita Bado Kidogo, na wala hawakumwonea. Ukimpelekea mashine yako ya fotokopi anaifungua, anaipanga mezani kipande kwa kipande, na ukirudi kuuliza imefikia wapi anakujibu bila hata kuinua kichwa: bado kidogo. Fundi ni fundi kweli, hilo hata wasiompenda wanakubali. Mashine iliyokufa kabisa, ya kuzikwa, ikipita mikononi mwake inaamka na kuanza kutema karatasi. Ila ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe nusura umponze mkewe.

Mkewe ni mkunga. Miaka kumi na moja anafanya zamu za usiku, analala mchana huku majirani wanatwanga na kuchekeana dirishani kwake. Mara mbili ameomba kazi ya kufundisha wakunga wanafunzi, kazi ya mchana ya kuzunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine, na mara mbili wamempita. Alipoomba mara ya tatu alijisemea moyoni kwamba hii ndiyo ya mwisho. Akikosa tena, basi, atazeeka na tochi mkononi.

"Baba Pacha," akamwambia mumewe, "nahitaji laptopu nyepesi, ya kubeba begani. Nichagulie wewe unayejua."

Maskini mama wa watu, aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa.

Maana Bado Kidogo ni mtu wa Linux. Kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, unapatikana bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuupangua anavyotaka. Hilo la kupangua ndilo lililomteka. Akatangaza pale pale, mswaki ungali mdomoni, kwamba katika nyumba yake haiingii laptopu isiyopatana na Linux toka usoni hadi mkiani: waifai ikamate, kamera ione, sauti itoke, na mfuniko ukifungwa mashine ilale, ukifunguliwa iamke.

"Mimi nataka ya kuandikia masomo tu," mkewe alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu mume.

Basi ikaanza kazi. Alichora jedwali lenye laptopu arobaini na moja. Akajining'iniza flashi shingoni kwa kamba, na ndani ya flashi amepakia Linux, akawa anapita duka hadi duka akichomeka flashi yake kwenye kila laptopu iliyo mezani ili aone kama itakubali kuwaka. Alifunga mifuniko, akafungua, akafunga tena. Alitega sikio kwenye feni. Dada mmoja wa dukani uvumilivu ulimwishia, akamuuliza, "Mjomba, unanunua au unachunguza maiti?" Duka la pili walimkaribisha kiti, la tatu walimwonyesha mlango.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Laptopu zilizokuwa kwenye jedwali zikaacha kuuzwa, zikaja nyingine, akaanza upya. Kisha akaleta nyumbani laptopu tatu za majaribio alizoazima kwa kuweka kitambulisho chake, na kwa kuwa haamini uzito ulioandikwa kwenye boksi, akachukua mzani wa mkewe, ule wa kuning'iniza wa kupimia vichanga, akauning'iniza kwenye mlango wa chumba. Mkunga alirudi kutoka kazini macho mekundu kwa usingizi, akamkuta mumewe ameilaza laptopu kwenye kitambaa cha mtoto, anasoma mshale kwa jicho moja.

"Kilo moja na robo!" mume akapiga kelele za furaha.

Mke akaitazama ile laptopu inavyobembea. "Huyo ni njiti," akasema. "Mfunike, asipate baridi." Kisha akaenda kulala.

Jina likaganda. Njiti akawa ndiye mteule.

Sasa sikia maajabu. Bado Kidogo alitenga siku nzima ya Jumapili kumwekea Njiti Linux. Alichemsha birika zima la chai, akapanga bisibisi, akawafukuza watoto sebuleni. Dakika ishirini baadaye kazi ilikuwa imekwisha. Waifai ilishika. Kamera iliona mpaka vumbi kwenye kabati. Alifunga mfuniko, Njiti akalala. Alifungua, Njiti akaamka bila kulia. Alijaribu mara ishirini na tano akitafuta kasoro. Hakuna.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanywa chai yake. Huyu alinywea. Alikaa mbele ya laptopu nzima mikono mapajani, chai inapoa, akiwa na huzuni kabisa, ile huzuni ya mtu aliyefika harusini akakuta watu wameshakula. Hatimaye akaandika kwenye jukwaa la wenzake mtandaoni: "Ndugu zangu, kila kitu kinafanya kazi. Nifanye nini?" Akajibiwa na mtu mmoja tu, kwa neno moja: "Itumie." Alinuna siku mbili.

Mkunga yeye aliitumia. Wiki mbili mfululizo aliandaa somo lake, jinsi ya kumzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, jambo alilolifanya kwa mikono yake mara zisizohesabika. Barua ya usaili ilikuwa imeshafika: Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kwa video, maana wasaili wako mbali. Simu hairuhusiwi, lazima iwe kompyuta yenye kamera. Na kwa wino mzito chini kabisa: atakayechelewa atahesabiwa hakuja.

"Baba Pacha," akasema Jumatano jioni, na safari hii hakuwa anatania, "nakuomba kwa jina la watoto wako. Njiti usimguse mpaka Alhamisi ipite."

"Mimi? Nimguse wa nini?" akajibu, tena kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi mkunga akaingia kuoga. Mumewe akafungua mfuniko ili afute kioo tu. Kufuta tu! Na pembeni mwa kioo akaona kijitangazo: kiini kipya cha mfumo, yaani moyo wake wenyewe, kimetoka. Akasoma. Eti kwa kiini hiki laptopu itaamka kwa sekunde mbili badala ya tatu. Weee! Sekunde moja nzima mkewe anaipoteza kila siku bila kujua. Alisikia maji bado yanamwagika bafuni. Akabonyeza.

Hakuishia hapo. Angeacha kile kiini cha zamani kikae pembeni, kingemwokoa mambo yakiharibika, kila mtu wa Linux anajua hilo na yeye mwenyewe huwahubiria wenzake. Lakini yeye ni mtu wa usafi. Akakifuta, ili kisijaze nafasi. Kisha akaizima laptopu na kuiwasha.

Kioo kikabaki cheusi. Juu pembeni ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe, na chini yake kidoti kinapepesa, kinapepesa. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kidoti kikaendelea kupepesa. Macho yakamtoka pima, mkono ukakimbilia flashi shingoni. Alipoishika tu akakumbuka: jana aliifuta flashi ili aipakie toleo jipya, na toleo jipya lilikuwa bado halijashuka hata robo.

Mkunga alitoka amevaa sare yake nyeupe, amepiga pasi hadi kola. Akaona kioo, akaona uso wa mumewe, akaelewa. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Umemgusa."

"Nusu saa tu, mke wangu. Ni kitu kidogo. Bado ki..."

"Usilitamke hilo neno." Akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi na nane. Mtu aliyezoea kuzalisha gizani umeme ukikatika haketi chini kulia. "Somo langu nimejitumia kwenye barua pepe. Nani ana kompyuta hapa karibu?"

Mume alimjua aliye nayo, akamtaja shingo upande.

Ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi ana laptopu nene kama tofali, herufi mbili zimeng'oka, betri ilishakufa, mfumo ni ule ule iliotoka nao dukani. Kazi yake ni kuwapigia wateja muziki. Bado Kidogo alikuwa ameitukana laptopu hiyo mbele ya watu si mara moja. Aliwahi kuiita aibu ya mtaa.

Waliingia mbio, mkunga mbele, mume nyuma kama aliyekamatwa. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mzee mmoja, upande mmoja umeshanyolewa.

"Shemeji yangu, ina kamera hiyo?" mkunga akauliza, akihema.

"Ina kamera, shemeji."

"Ina intaneti?"

"Ipo."

"Lakini mfumo wake..." Bado Kidogo akaanza. Mkewe akageuka akamtazama mara moja tu, naye akafyata ulimi.

Kinyozi wa watu akazima muziki, akazima mashine ya kunyolea, akamwambia mzee avumilie hivyo hivyo nusu kichwa. Mzee akasema yeye hana haraka, na kwamba anataka kusikia. Wakaisogeza laptopu kwenye meza ndogo ya nyuma. Tatizo likawa ukuta: umejaa picha za mitindo ya nywele, vijana wamejichora mistari kichwani, si mandhari ya kufundishia uzazi. Palikuwa na pazia la buluu, lakini fimbo yake ilishaanguka mwaka jana.

"Baba Pacha, shika pazia," mkunga akasema.

"Nikapate msumari, nifunge..."

"Shika."

Akapanda juu ya ndoo, akasimama nyuma ya mkewe, akanyoosha mikono yote miwili juu, pazia likashuka mbele yake likamfunika mwili mzima. Saa nne kasoro dakika moja. Kwenye kioo zikatokea sura tatu, mbili za wanaume na moja ya mama wa makamo mwenye miwani.

Somo lilikwenda vizuri. Hata yule mzee wa nusu kichwa alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nyuma ya pazia mabega yalianza kumwaka moto Bado Kidogo, jasho chapachapa, lakini hakuthubutu hata kupiga chafya. Kisha yule mama wa miwani akauliza swali ambalo mara mbili zilizopita lilimwangusha mkunga, akababaika hadi muda ukaisha.

"Kwenye kazi hii utakutana na wajuzi wagumu. Tupe mfano wa mtu wa namna hiyo uliyefanya naye kazi, na ulimwezaje."

Kinyozi akabana pumzi.

"Yupo mmoja," mkunga akasema taratibu. "Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne."

Nyuma ya pazia Bado Kidogo akapiga hesabu. Hospitalini mkewe ana miaka kumi na moja. Ndoa yao ndiyo ina kumi na minne.

"Ni hodari sana," mkunga akaendelea. "Kitu kikiharibika, simwoni wa kufanana naye. Taabu yake ni kitu kizima. Kitu kikiwa kizima anaingiwa na hofu, anaona kama hahitajiki tena. Basi anakifungua. Anakiharibu, si kwa ubaya, ili tumwite akitengeneze. Kwa muda mrefu nilidhani ananidharau. Leo asubuhi ndiyo nimeelewa kwamba anaogopa."

"Leo asubuhi?" akauliza yule mama.

"Leo asubuhi, mheshimiwa. Nilikasirika mpaka nikataka kulia."

"Na ukamfanyaje?"

"Zamani ningegombana naye, na mgonjwa angefia katikati yetu. Leo nimempa kitu cha kushika. Wanafunzi wako hivyo pia. Mwenye hofu ukimfukuza chumbani anarudi na hofu mbili. Mpe taa ashike, mwambie asitingishike, kisha mwonyeshe kwamba kazi imefanyika na yeye alikuwepo. Siku moja atakaa kwenye chumba ambacho kila kitu ni kizima, na atatulia."

Wale wanaume wawili wakaandika. Mama wa miwani hakuandika, alikuwa anatabasamu.

"Na huyo mtu, bado mko naye?"

"Niko naye," mkunga akasema. "Sina mpango wa kumwacha. Ila namchosha mikono kidogo."

Pazia lilitikisika. Mama wa miwani alilitazama, akavua miwani, akaifuta. "Barua utaipata Ijumaa ijayo," akasema. "Lakini kama ningekuwa wewe, ningeanza kutafuta mtu wa kukupokea zamu za usiku."

Kioo kikazimika. Kinyozi akapiga kofi moja la nguvu, mzee akasimama na kitambaa chake shingoni akampa mkunga mkono, na mkunga, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, akainamisha uso kwenye ile laptopu nene akacheka na kulia kwa pamoja.

Alipomaliza, akajifuta kwa kiganja. Pazia lilikuwa lingali juu.

"Baba Pacha, yamekwisha. Shusha mikono."

Hapakushuka kitu. Palisikika mtu anavuta kamasi, tena kwa kujificha, ndoo ikalia kidogo chini ya miguu yake.

"Shuka basi, twende nyumbani."

"Bado kidogo," ikasema sauti nyuma ya pazia.